Super Mario 64: Nintendo 64 au DS?

Anayeutafuta mchezo huu wa video Lubumbashi ana chaguo mbili: kaseti ya mwaka 1996 ya Nintendo 64 (N64), mashine ya kuunganisha na TV, au toleo la 2004 la DS, mashine ya Nintendo ya kushika mkononi.

Kinachofanya ile ya zamani isichuje ni kijiti chake cha kuongozea. Ukikisukuma kidogo Mario, mhusika unayemwongoza, ananyata. Ukikisukuma hadi mwisho anakimbia, upande wowote utakao. Kuruka mbali: kimbia, bonyeza kitufe cha Z, na A papo hapo. Ukichelewa atasimama, kisha apige sarakasi ya kinyumenyume.

DS haina kijiti. Ina vishale vya pande nane tu, na kukimbia lazima ushikilie Y. Kwenye daraja jembamba utaanguka, maana pembe unayoitaka haimo. Kioo cha kugusa husaidia kiasi, ila kidole huteleza. Nyota za kukusanya ni 150 badala ya 120, lakini unaanza na Yoshi, mhusika mwingine; Mario mwenyewe sharti umfungue kwanza!

Umeme ukikatika, DS inaendelea kwa betri. N64 inazimika, ingawa nyota ulizohifadhi hubaki ndani ya kaseti. Mashine ya Marekani hutumia volti 120: usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme wa Lubumbashi wa 220. Badilisha adapta yake kwa ile ya Ulaya. Mashine nzima ya Ulaya haina shida hiyo, ila mchezo huenda polepole zaidi.

Kabla ya kununua N64, achia kijiti: kikilegea au kikitoa unga mweupe, kimechakaa. Kikiwa kizima, chukua hiyo.