AC za moto na baridi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji wa AC Kariakoo atakuuliza ukubwa wa chumba tu. Ukishamjibu, anakutajia BTU, yaani kipimo cha nguvu ya AC, na bei. Jambo ambalo hakugusii ndilo litakalokula hela yako kwa miaka mingi ijayo: mashine hii inahamisha joto kiasi gani kwa kila uniti ya umeme?

Maana AC haitengenezi baridi. Inachota joto la chumbani na kulitupa nje. Gesi iliyomo kwenye mabomba ya shaba hufyonza joto inapogeuka kutoka majimaji kuwa mvuke, kompresa inaibana hadi iwe ya moto kuliko hewa ya nje, na joto hilo linatemwa kwenye mashine ya nje. Zile za moto na baridi zina vali inayogeuza njia ya gesi, ili joto lichotwe nje, hata kama huko ni nyuzi 8, na kuingizwa ndani. Ndiyo maana hita ya waya ya wati 2,000 inakupa joto la wati 2,000 na si zaidi, wakati mashine hii inakupa joto hilohilo kwa wati 600 hivi.

Hesabu ifanye hapohapo dukani. BTU 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za joto linalohamishwa. Angalia kibandiko ubavuni, tafuta wati inazokula. Kikisema 1,100, gawanya 3,500 kwa 1,100: unapata 3.2. Ya jirani ikisema 900, unapata 3.9. Chukua hiyo ya pili, hata kama jina lake halina umaarufu.

Kwangu ya kwanza ni spliti, yaani AC ya vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje, ya inveta inayotumia gesi ya R32. Kompresa yake haizimi na kuwaka kila mara. Chumba kikishapoa inapunguza mwendo na kuendelea taratibu. Kwa anayelala na AC usiku kucha kwenye nyuzi 25 au 26, tofauti ataiona kwenye LUKU. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, nunua ya baridi tu. Kulipia moto huko ni kununua sweta la kuvalia Magomeni. Ukiwa Njombe, Mbeya au Nairobi, ambako Julai watu wanalala na blanketi mbili, ya moto na baridi inastahili nyongeza ya bei.

Usidanganyike na BTU nyingi. Pwani kero yetu ni unyevu kama ilivyo joto. Mashine kubwa mno inapoza haraka, inapumzika kabla haijakausha hewa, na wewe unabaki kwenye chumba chenye baridi ya kunatanata. Chumba cha kawaida cha kulala kinatoshwa na BTU 9,000. Kikipigwa na jua la jioni au kiwe chini ya bati lisilo na dari, panda hadi 12,000.

Ya pili ni spliti ya kawaida, isiyo na inveta. Inafaa sebule inayowashwa saa mbili tatu wageni wakija. Haina bodi ya gharama inayoungua umeme ukicheza, ingawa gadi, kifaa cha kulinda mashine umeme ukipanda na kushuka, utaihitaji kwa zote mbili.

Ya dirisha ni ya tatu, kama tundu lipo tayari ukutani. Ya magurudumu, yenye bomba moja la kutoa hewa ya moto, naipa nafasi ya nne kwa shingo upande: inavuta hewa ya chumbani na kuitoa nje, hivyo hewa ya joto inaingia chini ya mlango kuziba pengo. Ni ya mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Feni ya maji si AC kabisa. Dodoma kukavu inasaidia, Dar inakuongezea unyevu.

Ya mwisho ni ya mtumba. Nyingi za zamani zinatumia R22, gesi ambayo chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinaiondoa ifikapo 2030, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazibana nyingine zenye kuongeza joto duniani, ikiwemo R410A. Iliyotumika Japani ina tatizo jingine: kule umeme wa nyumbani ni volti 100, kwetu 230.

Halafu kuna fundi, na hapa mashine nzuri nyingi zinaharibiwa. Mashine ya nje isifichwe kwenye kibaraza kilichozibwa, itakuwa inavuta moto wake yenyewe. Karibu na bahari, chumvi hula mapezi ya alumini. Yasuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa. Anayekwambia kila mwaka lazima uongeze gesi anakula hela yako, kwa sababu gesi haitumiki ikaisha: ikipungua kuna mahali inavuja, atafute kwa povu la sabuni kwenye maungio na azibe kwanza. Siku ya kufunga, mwulize kama amekuja na pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba. Akijibu kwamba atafungua gesi kidogo isukume hewa nje, mlipe nauli arudi zake.