Golf 1.4 TSI ya mtumba: gari zuri, giaboksi yenye kasoro ambayo lazima isemwe

Nairobi, Golf ya Volkswagen, kizazi cha sita na cha saba, huzua ugomvi kuliko gari lolote la ukubwa wake. Ukitaja giaboksi tu, mmoja anakuambia unaharibu soko, wa pili anadai umeenda kwa fundi asiyejua kazi, na wa tatu anaapa kwamba Mjerumani hakosei. Mnunuzi aliyeuliza swali la maana anaondoka bila jibu. Tathmini hii inampa jibu hilo, na inasimama upande wa wanaoikosoa kampuni, mradi ukosoaji utaje kifaa chenyewe.

Sifa za gari kwanza, maana linazo za kweli. Injini ya 1.4 TSI, ya petroli yenye turbo na nguvu farasi 122, inatoa Nm 200 za nguvu ya kuvuta mapema, kwa hiyo kupanda kutoka Museum Hill kuelekea Westlands hakuhitaji kuikanyaga. Gari limeshika barabara, milango inafunga vizuri, na mafuta halili sana likiwa kwenye barabara kuu. Kati ya vizazi hivi viwili, cha saba ndicho bora. Injini yake ya EA211 inatumia mkanda wa taiming, ilhali EA111 ya Golf ya sita inatumia mnyororo unaojulikana kulegea. Ukisikia mkwaruzo wa sekunde chache gari linapowashwa asubuhi likiwa baridi, mnyororo huo unadai kubadilishwa.

Sasa giaboksi. Inaitwa DQ200, na kwenye chuma chake imeandikwa 0AM kwa Golf ya sita au 0CW kwa ya saba. Ina gia saba na klachi mbili kavu: K1 inashika gia za 1, 3, 5 na 7; K2 inashika 2, 4, 6 na rivasi. Neno “kavu” ndilo la kuzingatia. Klachi hizi hazikai ndani ya oili, zinapoozwa na hewa tu. Usiichanganye na DQ250 ya gia sita iliyomo kwenye GTI, yaani Golf ya kasi, ambayo klachi zake zinaoga oili na huhitaji kubadilishiwa oili na filta kila kilomita 60,000. Anayesema “DSG zote ni takataka”, akimaanisha giaboksi zote za klachi mbili za Volkswagen, anawaonea wenye DQ250, na anampa mtetezi wa kampuni sababu nyepesi ya kupuuza malalamiko yote.

Kasoro ziko mbili, na zote ziko kwenye mekatroniki, yaani kompyuta ya giaboksi pamoja na pampu na vali zake. Ya kwanza ilikuwa oili ya sintetiki, ambayo kwenye joto na unyevu ingeweza kusababisha hitilafu ya umeme hadi giaboksi ikakosa nguvu na gari kupoteza mwendo barabarani. Mwezi Machi 2013 televisheni ya taifa ya China ilionyesha malalamiko ya wenye magari, na siku chache baadaye Volkswagen ikatangaza kuyaita magari 384,181 yarudishwe kurekebishwa nchini humo. Novemba mwaka huohuo iliita magari milioni 1.6 duniani ili oili ya sintetiki itolewe na kuwekwa ya madini. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeongeza dhamana ya giaboksi hizi nchini China hadi miaka 10 au kilomita 160,000. Kampuni haifanyi hayo kwa ajili ya porojo. Ilifanya kwa sababu watu walilalamika kwa sauti, wakiwa na ushahidi.

Kasoro ya pili ndiyo inayowasumbua zaidi wenye magari ya zamani hapa. Ndani ya mekatroniki kuna tangi dogo la kuhifadhi shinikizo la oili. Limefungwa kwa uzi wa skrubu kwenye nyumba, yaani kasha, ya alumini, na shinikizo linapopanda na kushuka maelfu ya mara, alumini hupasuka pale penye uzi. Oili inavuja, pampu inazunguka bila kupumzika ikijaribu kurudisha shinikizo, kisha kompyuta inaizima ili isiungue. Kwenye mashine ya kupimia utaona kodi, yaani namba ya hitilafu, P17BF. Dereva yeye anaona herufi za gia zikiwaka na kuzima kwenye dashibodi, halafu gari linakataa kushika gia. Usukani na breki vinaendelea kufanya kazi, lakini hebu fikiria hilo likitokea katikati ya Thika Road saa kumi na mbili jioni, matatu zikiwa nyuma yako.

Ndiyo maana ile hoja ya “usichafue jina, bei ya magari yetu itashuka” haikubaliki. Anayeitoa analinda bei ya gari lake kwa mfuko wa mwenzake ambaye bado hajanunua. Hoja nyingine, kwamba hili ni gari la mtumba na kwa hiyo mtengenezaji hahusiki, ina nusu ya ukweli. Ni kweli dhamana iliyotolewa nchi nyingine haikuvuka bahari pamoja na gari. Lakini alumini iliyochorwa nyembamba pasipofaa ni kosa la mchoro. Halikuzaliwa Mombasa bandarini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Kusema hadharani kwamba sehemu fulani hupasuka ni kumpa mwenzako habari hizo.

Na wanaolaumu dereva? Hapo kuna jambo la kweli, ila linahusu klachi, siyo mekatroniki. Klachi kavu huchakaa haraka kwa kutambaa kwenye jam. Ukiachia breki nusunusu pale Mombasa Road, klachi inasuguana bila kushika na inapata moto. Subiri nafasi ya gari zima ipatikane mbele, uachie breki kabisa, usogee, usimame tena. Mlimani, usilizuie gari kwa eksileta, tumia breki. Klachi iliyochakaa kwa njia hiyo siyo kasoro ya kiwandani, na kuipeleka kwenye lawama za kampuni kunaharibu kesi ya wengine.

Unapokagua gari kwenye yadi za Ngong Road au Kiambu Road, kataa kulikuta limeshapashwa moto. Liwashe baridi. Rudi rivasi kwenye mwinuko polepole: likitetemeka, K2 imechoka. Kisha liendeshe kwenye msongamano angalau dakika ishirini, kwa sababu mtetemo wa kutoka gia ya 1 kwenda ya 2 hujitokeza giaboksi ikishapata joto. Baada ya hapo fundi aunganishe VCDS au OBDeleven, vifaa vya kusoma kompyuta za gari, asome kodi za giaboksi peke yake, siyo za injini tu, na aangalie hali ya joto na unene uliobaki wa K1 na K2. Kodi zikiwa zimefutwa muda si mrefu, jiulize kwa nini. Nakili pia namba ya chesisi, tarakimu na herufi zote 17, umuulize wakala wa Volkswagen kama gari liliwahi kuitwa na kama kazi ilifanyika.

Likiharibika, usikimbilie kununua giaboksi nzima ya Kirinyaga Road. Ile nayo ina alumini ileile na umri uleule. Kuchomelea ufa hakudumu. Kazi sahihi ni kutoa mekatroniki, kubadilisha nyumba yake kwa iliyoimarishwa pamoja na tangi la shinikizo, kuweka lita moja ya oili yake maalumu, kisha kurekebisha mipangilio ya msingi kwa kompyuta. Fundi akiruka hatua hiyo ya mwisho, gari litaruka-ruka hata kama spea ni mpya. Oili ya gia, lita 1.7 hivi, iko chumba tofauti kabisa. Fundi anayetaka kujaza zote mahali pamoja, chukua ufunguo wako uondoke.

Hukumu yangu: Golf ya saba iliyopita vipimo hivyo inunuliwe, huku pesa za mekatroniki zikiwekwa kando tangu siku ya kwanza. Golf ya sita isiyo na risiti za mekatroniki na mnyororo iachwe hata bei ikivutia. Na likikufanyia vituko, andika mwaka wa gari, kodi uliyosoma, kilomita, namba ya giaboksi na alichokikuta fundi alipofungua, pamoja na picha ya ufa. Malalamiko ya namna hiyo hayana haja ya matusi, na hakuna mtetezi wa kampuni anayeweza kuyafuta kwa kusema hujui kuendesha.