Incus kwa kontena zenye SSH: inafaa, ila chunga proksi

Incus, iliyochipuka kutoka LXD (zana nyingine ya kuendesha kontena) mwaka 2023, ndiyo zana tunayoipendekeza kwa anayetaka kontena za Linux, yaani mifumo iliyotengwa ndani ya mashine moja, zinazotumika kama seva kamili. Amri `incus launch images:debian/12 web1` inatosha kuanzisha moja, na root (msimamizi mwenye mamlaka yote) wa ndani si root wa mashine mama. Huo ni ulinzi mkubwa unaokuja bila kuombwa.

SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, haimo kwenye picha hiyo ya mfumo (`debian/12`). Isakinishe kwa `incus exec web1 -- apt install openssh-server`, kisha weka ufunguo wako wa umma kwenye `authorized_keys`. Saraka ya `.ssh` iwe na ruhusa 700 na faili iwe na 600, zote mali ya mtumiaji husika. Umiliki ukikosewa, sshd (programu ya seva ya SSH) hukataa ufunguo bila kukuambia sababu. Zima nywila kwa `PasswordAuthentication no`, na uhakikishe kwa `sshd -T`, kwani faili za `sshd_config.d` husomwa kwanza na thamani ya kwanza ndiyo inayoshika.

Udhaifu uko kwenye kifaa cha `proxy` kinachofungua SSH kwa nje. Kwa kawaida, kontena huona kila mgeni akitoka 127.0.0.1, hivyo fail2ban, programu inayofungia anwani zinazojaribu kuingia kwa nguvu, haina wa kumfungia. Ili anwani halisi ya mgeni ionekane, tumia `nat=true` pamoja na anwani ya IP isiyobadilika.

Ukinakili kontena kwa `incus copy`, funguo za `/etc/ssh/ssh_host_*`, zinazoitambulisha seva, hunakiliwa pia. Zifute kwenye nakala, kisha endesha `ssh-keygen -A` humo kutengeneza mpya.