Hadubini ya elfu hamsini: nzuri, ila hiyo "1200X" isikudanganye

Nimeinunua Kariakoo. Muuzaji alianzia 65,000, tukaishia 50,000. Ni ya plastiki, na boksi limeandikwa "1200X" kwa maandishi makubwa kama ya bango la kampeni. Hiyo namba isahau kabla hujatoa hela. Lenzi ya tatu inakuonyesha ukungu mtupu, kama unachungulia kitako cha chupa ya soda. Kitasa cha kurekebishia nacho kimelegea, ukikiachia tu picha inapotea. Betri ujinunulie.

Lakini lenzi ya mara 100! Nilichota tone kwenye ndoo niliyoisahau uani mpaka maji yakawa kijani. Binti yangu wa darasa la sita akaweka jicho, akapiga kelele: "Mama, vinatembea!" Paramisiamu alikuwa anapita anajiviringisha kama kandambili iliyosombwa na mafuriko. Seli moja tu, na humo humo inakula, inatoa maji, inakimbia.

Kwa lenzi ya 400, ukiwa na subira, unampata yuglena, kiumbe mwingine wa seli moja, wa kijani, mwenye kidoa chekundu upande wa mbele. Hapo ndipo swali likaja: kama ni wa kijani, si mmea? Mbona anaogelea? Nikamwambia anajipikia kwa mwanga wa jua, lakini ukoo wake uko karibu na vimelea vya malale, vile vya mbung'o. Ukijani aliupata zamani sana, pale babu zake walipomeza mwani wa seli moja wakaishi nao humo ndani. Naye huitwa mwani pia, ndiyo maana mwani si ukoo mmoja. Ni jina tulilowapa viumbe wengi wanaojipikia kwa jua bila kuwa miti wala majani, na wengi wao ni wa seli moja.

Mtoto akampigia bibi yake Jambiani, anayelima mwani, kumweleza kuwa mwani mwingine hauonekani kwa macho. "Hauonekani? Na huu unaonivunja mgongo ni nini, mjukuu wangu?" Ikabidi nichukue simu nieleze kwamba wa kwake una seli nyingi mno.

Vioo vyembamba vya kufunikia tone vilikuja vitano, vitatu vimeshavunjika. Nunua vya akiba. Nyota tatu, ya nne wangeipata kama wangefuta ile 1200.