Peni ya kuchorea nakshi hapa Arusha: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ingia duka lolote la steshenari katikati ya mji, ukianzia Mnara wa Saa na kuifuata Barabara ya Sokoine. Kando ya maboksi ya peni utakuta kipande cha karatasi kilichojaa zigizaga. Kila aliyepita hapo amekwaruza haraka haraka, ameona wino unatoka, amelipa, ameondoka. Kwa mtu anayekwenda kujaza risiti, kipimo hicho kinatosha. Kwa sisi tunaochora nakshi hakitoshi hata kidogo, maana peni ikikimbizwa huficha tabia yake. Sisi mkono wetu unakwenda polepole, na mara nyingi unatua kabisa kabla ya kuanza mkunjo mwingine. Peni inayofaa ni ile inayovumilia mkono uliotua. Nimezipanga peni zote hapa chini kwa kigezo hicho, pamoja na ubora wa mstari na kudumu kwake.

Mimi ni fundi cherehani. Jioni nikishafunika mashine huchora kwa dakika ishirini au thelathini, na huwa nasikia mabega yakishuka yenyewe. Nakshi zenyewe ni za kurudia tu: mstari, duara, nukta, mstari tena, mpaka kipande cha karatasi kijae. Rick Roberts na Maria Thomas wa Marekani ndio walioupa mtindo huu jina la Zentangle na kuuwekea utaratibu: karatasi ya mraba ya inchi tatu na nusu, yaani sentimita 8.9 kila upande, ambayo wenyewe huiita kigae, peni nyeusi, penseli ya kutia kivuli, ufutio haumo. Mstari ukienda upande, unaujengea nakshi nyingine juu yake na safari inaendelea. Utaratibu huo ni wao, na nimeupenda. Lakini kurudia alama moja kwa utulivu tumekulia humo. Tazama pindo la khanga lilivyopangwa, au mkono wa bibi harusi uliopakwa hina, au ushanga wa Kimaasai unavyofuatana rangi kwa rangi. Vigae vyangu vya kwanza vyote vilikuwa mapindo ya khanga, na korosho zake kwenye kona.

Namna ya kuipima dukani

Omba karatasi safi, si ile ya zigizaga. Chora vimduara kumi vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, kwa mwendo wa konokono. Kisha simamisha ncha juu ya karatasi na uhesabu mpaka tano bila kuisogeza. Pitisha kidole juu ya mstari mara tu baada ya kuuchora. Geuza karatasi uangalie mgongoni. Mwisho, subiri dakika moja, lowesha kidole kwa maji na uguse tena.

"Shikamoo mama. Hiyo peni ina tatizo?" kijana wa dukani aliniuliza siku moja, akiniona nimeigandisha.

"Marahaba. Sijajua bado, mwanangu. Nahesabu mpaka tano."

Akainama akahesabu na mimi. Tulipofika tano, nukta ilikuwa imevimba kama punje ya mtama na kuota vinyweleo pembeni. Akaichukua ile peni kutoka mkononi mwangu, akafungua boksi jingine.

Ya kwanza: peni ya wino wa pigmenti, mstari wa milimita 0.25 au 0.3

Hii ndiyo peni ya kazi. Ncha yake ni ya plastiki ngumu, nyembamba kama sindano, imeshikwa na kibomba kidogo cha chuma. Wino wake haukutengenezwa kwa rangi iliyoyeyuka majini. Una chembe ndogo za rangi zinazokaa juu ya nyuzi za karatasi. Ukishakauka, maji hayauondoi na jua haliufifishi upesi. Kampuni ya Sakura ya Japani ilitoa wino wake wa namna hiyo, Pigma, mwaka 1982, na peni yao ya Pigma Micron namba 01 ndiyo wanayoitumia watu wa Zentangle. Uni Pin ya Mitsubishi Pencil, nayo ya Japani, na Pigment Liner ya Staedtler ya Ujerumani ni za daraja hilohilo. Usisumbuke kuchagua jina. Nunua utakayoikuta.

Angalia namba lakini. Micron 01 haina maana ya milimita 0.1, mstari wake ni milimita 0.25. Namba 005 ni 0.20, 03 ni 0.35, 05 ni 0.45 na 08 ni 0.50. Kampuni nyingine huandika milimita moja kwa moja, kwa hiyo usilinganishe namba ya hii na ya ile. Linganisha mistari kwenye karatasi.

Ubora wake utauona kwenye vimduara. Mkono ukienda polepole, mstari unabaki na unene uleule tangu mwanzo mpaka mwisho, na ukirudi kufunga duara, viungo havionekani. Ukitua, nukta inakua kidogo sana kama karatasi ni nzuri. Halafu ni nyeusi kwelikweli, weusi wa kitambaa kipya cha baibui. Huhitaji kukandamiza, na hapo ndipo utulivu wenyewe ulipo: vidole vinalegea, kiganja kinalala mezani.

Udhaifu wake ni mmoja, na nimeulipia. Peni yangu ya kwanza ya aina hii iliniponyoka mezani ikatua kwenye sakafu ya saruji, ncha chini. Nilipoiokota, ile ncha ya plastiki ilikuwa imezama ndani ya kibomba, na kila nilipogusa karatasi ni chuma kilichokuwa kikikwaruza. Hakuna dawa. Ndiyo maana nasema ukianza nunua moja, si seti, na uizoee. Ukikandamiza kama unavyoandika daftari la mahesabu, ncha itakwisha kabla ya wino. Na usiichoree juu ya penseli nyingi. Unga wa penseli huziba ncha. Kivuli tia baadaye, wino ukikauka.

Bei yake ndiyo inayowarudisha watu nyuma. Bic ni ya mia kadhaa. Hii ni ya elfu kadhaa. Haipo kila duka pia. Uliza maduka yanayouza vifaa vya wachora ramani na wanafunzi wa ujenzi, si yale ya madaftari tu. Ukiletewa peni yenye jina kubwa kwa bei ya karanga, fanya kile kipimo cha maji hapohapo. Wino ukitoka na kuacha kivuli cha zambarau au bluu, huo si pigmenti, hata boksi liseme nini.

Ya pili: Bic ya ncha nyembamba

Wengi wangeweka peni ya jeli hapa. Mimi naweka Bic, na nina sababu.

Wino wa peni ya kawaida ni mzito, wa mafuta, unaobebwa na kigololo kinachozunguka kwenye ncha. Ni kazi iliyofanikishwa na Mhungaria László Bíró, aliyepata hataza mwaka 1938, na Marcel Bich akaifanya kuwa peni ya bei ya kila mtu huko Ufaransa mwaka 1950. Kwa kuwa wino ni mzito, hausambai kwenye karatasi ya daftari. Hesabu mpaka tano, hesabu mpaka hamsini, nukta inabaki nukta. Kwa kigezo changu cha mkono uliotua, hapa peni hii inaishinda hata ile ya kwanza.

Tafuta yenye mwili wa rangi ya chungwa. Kigololo chake ni cha milimita 0.8; ile ya plastiki angavu ni milimita 1.0. Tofauti inaonekana ndogo ukiitaja, lakini kwenye kigae cha sentimita 8.9 ndiyo inayoamua kama pindo lako litasomeka au litakuwa doa. Na ina jambo ambalo peni ya pigmenti haiwezi: ukiibembeleza inatoa kijivu, ukiikandamiza inatoa nyeusi. Unaweza kutia kivuli kwa peni hiyohiyo moja, safu juu ya safu, kama unavyopiga msasa.

Kasoro zake ni mbili. Kila baada ya mistari kadhaa wino hujikusanya kwenye ncha, kisha unaangusha tone katikati ya kazi. Mimi huweka kipande cha kitambaa cha pamba kando na kufuta ncha kila ninapomaliza duara kubwa. Mkono umeshazoea, wala haunikatishi. Ya pili ni jua. Kigae changu nilichokipenda kuliko vyote nilikibandika ukutani mkabala na dirisha, na baada ya miezi michache weusi wake ulikuwa umechakaa kama suruali ya shule. Kazi ya Bic iweke ndani ya daftari.

Kama huna uhakika utaendelea na jambo hili, anzia hapa. Nunua tatu, uone.

Ya tatu: jeli nyeusi ya 0.5

Jeli inapendeza ikiwa mbichi. Inateleza, inang'aa, haidai nguvu. Hawa ni Sakura tena, walioileta sokoni mwaka 1984. Shida ni kwamba wino ni wa majimaji na unakaa juu ya karatasi muda mrefu, hasa kwenye karatasi laini. Pembe ya kiganja ikipita, pindo zima linageuka moshi. Anayetumia mkono wa kushoto atateseka zaidi, kwa sababu mkono wake unafuata nyuma ya wino. Jeli za bei ya chini pia zina tabia ya kukatika katikati ya duara: wino unakuja, unapotea, unakuja. Hakuna kinachovunja utulivu kama kurudia mstari uliokuwa umekwisha.

Jeli nyeupe ni habari nyingine, na hiyo naisifu bila kusita. Pata manila nyeusi, chora kwa jeli nyeupe, taratibu, ukiacha kila safu ikauke. Utaona nakshi zinavyotokea kama taa za Njiro usiku ukiwa mbali.

Ya nne: kalamu ya kuchovya na wino wa India

Mistari yake ni mizuri kuliko yote hapa. Inanenepa na kukonda kufuata mkono. Lakini unahitaji meza iliyotulia, chupa isiyopinduka, maji ya kuoshea, na nyumba isiyo na mtoto anayekimbia. Kila baada ya mistari michache unachovya. Ncha ya chuma hunasa nyuzi za karatasi ya bei rahisi na kurusha matone. Ifikirie ukishachora mwaka mzima.

Ya mwisho: makapeni

Iache dukani. Itatoboa mpaka ukurasa wa tatu. Inafaa kujazia sehemu kubwa nyeusi kwenye karatasi nene, basi.

Kuhusu seti

Utaonyeshwa pakiti za peni kumi au kumi na mbili, kuanzia nyembamba kama unywele mpaka nene. Nilinunua moja, kwenye duka ambalo sitalitaja. Mbili zilikuwa zimekauka kabla sijazifungua, na katika zilizobaki nilitumia tatu tu. Fedha ya seti inunulie peni mbili nzuri: moja ya 0.25 kwa nakshi, moja ya 0.45 au 0.5 kwa mistari ya nje na kujazia. Kifuniko kibane mpaka kilie, na uzilaze, usizisimamishe. Januari na Februari, vumbi likianza kuingia kila mahali, zihifadhi ndani ya kikopo chenye mfuniko.

Karatasi, ambayo wengi huisahau

Peni ya pigmenti kwenye karatasi ya rimu ya gramu 80 ni kama kushonea uzi wa hariri kwenye gunia. Inachora, lakini ukitua, wino unatambaa. Kwa Bic karatasi hiyo inatosha kabisa, na A4 moja inakupa vigae sita. Kwa pigmenti nunua manila nyeupe. Ipapase kwanza; mara nyingi upande mmoja ni laini kuliko mwingine, na ncha inapenda ule laini. Karatasi ya rangi za maji, yenye mikwaruzo, inatafuna ncha. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu na wino husambaa zaidi, kwa hiyo mimi huvilaza vigae chini ya kitabu kizito kabatini, mbali na ukuta.

Manila ya kipimo cha A1 inatoa vigae 54: sita kwa upande mfupi, tisa kwa upande mrefu. Pima kwa rula ya chuma, kata kwa wembe juu ya ubao. Mkasi wa kitambaa usiuguse kwa kazi hiyo, hata kigae kimoja. Karatasi inaua makali, na kesho utaona hariri inavyotafunwa badala ya kukatwa.