Machela ya kulalia nje: ununue ipi kwanza ukiwa Mtwara au Lindi

Anayeanza kulala nje kwa machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kati ya miti miwili, huulizia kwanza rangi na bei. Ningependa aulizie mbu na kamba. Pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, mbu hupungua kiangazi lakini hawatoweki, na malaria bado ni ugonjwa wa huku kwetu. Kwa hiyo machela ninazozipanga hapa nimezipima kwa kigezo kimoja: je, mtu asiye na uzoefu atalala humo mpaka alfajiri, au usiku wa manane atashuka kutafuta mkeka?

Ya kwanza: ya nailoni, iliyoshonewa chandarua

Ni ile ya kitambaa chepesi ambacho wengi hukiita cha parachuti, kimekusanywa kwenye ncha mbili, na juu kimeshonewa chandarua chenye zipu. Kama pesa inatosha, anza na hii.

Usiinunue bila kuipima. Urefu wa kitambaa usipungue mita 3, na mtu mrefu atafute 3.3. Machela hailaliwi kwa kufuata mstari wa katikati. Unalala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, ndipo mgongo unyooke. Machela fupi haina nafasi ya mshazari. Utalala umekunjika na magoti yatakuuma kabla ya saa saba usiku. Upana uwe mita 1.4 au zaidi. Kibandiko cha uzito kisome kilo 150 au kuzidi, hata kama wewe ni mwembamba, maana kitambaa huchoka kwa jua.

Zipu ifungue na kuifunga hapo hapo dukani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mbele ya muuzaji, itakwama gizani pia.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mbu hukuuma kwa chini. Kitambaa cha tabaka moja kinakubana mgongoni, na mbu anapenyeza mdomo wake bila shida, chandarua cha juu kikiwa kizima kabisa. Tafuta yenye tabaka mbili chini. Ukikosa, weka ndani kigodoro chembamba cha sponji kuanzia mabegani hadi mapajani. Ndicho kitakachokukinga na baridi pia.

Ya pili: ya nailoni isiyo na chandarua, ukiongeza chako

Hii ni rahisi kuipata na bei yake ni nafuu. Vipimo ni vile vile. Chandarua cha kitandani, hasa chenye dawa, unaweza kukitundika kwenye kamba iliyovutwa juu ya machela, mradi kishuke mpaka chini na ukifunge kwa kamba chini ya mgongo. Kikiachwa wazi chini, ni sawa na kutokuwa nacho. Kwa mwanafunzi au kijana wa boda anayetaka kujaribu kabla ya kutumia pesa nyingi, naipendekeza bila wasiwasi.

Ya tatu: ya fundi cherehani

Nunua kitambaa kigumu cha poliesta au pamba nene, mita tatu na nusu, fundi akunje ncha mbili na kushona mifereji ya kupitishia kamba kwa mshono wa mara tatu. Ni imara na unaweza kuirekebisha. Udhaifu wake ni maji: pamba ikilowa ni nzito, haikauki upesi, na huota ukungu. Kwa safari za kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, inafaa sana.

Ya nne: ya nyavu au kamba za kusuka

Nzuri kwa mchana, chini ya mwembe, baada ya wali na samaki. Usiku hapana.

Ya mwisho: yenye fito mbili za kutanua

Inavutia machoni, ndiyo maana wengi huinunua. Lakini imetandazwa bapa, hivyo ukigeuka usingizini inapinduka. Pia ni ndefu kuibeba, na fito hazikunjiki kwenye begi. Kwa anayeanza, siishauri kabisa.

Usibane pesa kwenye mikanda ya kutundikia

Machela nyingi huja na vikamba vyembamba. Viache. Nunua mikanda bapa ya poliesta yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, urefu wa mita 3 hivi kila mmoja. Maduka ya vifaa vya magari huuza ya kufungia mizigo kwenye lori, inafaa. Mkanda mpana hauchubui gome la mti. Mkanda wa nailoni hurefuka, hasa ukilowa, na alfajiri utajikuta matako yanagusa mchanga. Kamba ya katani huoza taratibu ndani huku nje ikionekana nzima, kwa hiyo usiikabidhi uzito wako.

Usiivute machela ikakaza. Mkanda ukishuka kwa nyuzi 30, yaani kila mita moja ya kwenda mbele ushuke nusu mita na kidogo, mtu wa kilo 70 anaupa kila mkanda mzigo wa kilo 70 hivi. Ukiukaza hadi nyuzi 10, mzigo huo huo unafika kilo 200 kila upande. Hapo ndipo mishono hukatika, na mti mwembamba hupinda. Miti iwe mbali mita 4 hadi 5, na ukikaa katikati, machela iwe juu kama kiti cha kawaida.

Turubai la juu linunue hata kwa kiangazi, kwa sababu ya umande na upepo wa kusi. Pwani shuka na kigodoro vinatosha. Ukipanda Newala au Rondo mwezi wa Julai, ongeza blanketi chini ya mgongo, maana hewa inayopita chini ya machela inapoza kuliko ardhi.

Mti gani

Mwembe na mkwaju ni wa kuamini, na mvinje ulionenepa kushinda paja la mtu mzima. Mnazi usiufunge hata kama umeinama vizuri juu ya ufuko: nazi moja inatosha kuua. Mpapai una shina laini, si mti wa kubeba mtu. Mikoko iache, inalindwa, na maji yakijaa yatakufuata.

Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981; kamba yoyote isiguse magofu yale. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ulizia kibali na ada kwanza, na misitu ya hifadhi ina utaratibu wake kwa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kijijini anza na mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji, upige hodi mchana, si jua likizama. Shamba la mikorosho lina mwenyewe: mwombe, mwambie utaondoka saa ngapi, na wakati wa kupulizia salfa usilale humo hata akikuruhusu.