TAHADHARI MALINDI: Njugu zilizoota kuvu zinauzwa kama njugu mpya

Mama zangu mnaopika kashata, na vijana mnaokaanga njugu za kutembeza ufukweni, tafadhalini msinunue gunia la bei ya chini wiki hii kabla ya kusoma haya.

Jumanne alinijia mtu na tuktuk iliyojaa magunia. Akafungua mdomo wa gunia mbele yangu: njugu nyekundu, kavu, safi kabisa. Akanipunguzia shilingi 40 kwa kilo, akisema ana haraka ya kurudi Mombasa. Nikachukua kilo 50.

Jioni nikachota za kukaanga. Mkono ulipofika kiwiko nikahisi joto na unyevu, na uvundo ukanipanda puani. Nikamwaga gunia lote kwenye jamvi uani. Njugu nzima zilikuwa tabaka la juu tu. Za katikati na chini zimesinyaa, zimetobolewa na wadudu, zina kuvu ya kijani na manjano, nyingine zimeshikana mabonge. Nikampigia simu. Unajua aliniambia nini? "Mama, zianike siku mbili, kisha uzikaange na chumvi na pilipili nyingi. Hakuna atakayejua."

Kwa maneno hayo ndiyo nimeandika, maana wako watakaomsikiliza.

Kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, wengine huiita sumukuvu. Ukizianika, njugu zitakauka. Ukizisugua, kuvu itatoka. Lakini sumu imeshaingia ndani ya punje na moto wa kikaango hauimalizi. Pilipili inaficha uchungu tu. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na sumu ni hii hii. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hujiweka karibu na saratani ya ini, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake huzidi. Wateja wangu wengi ni watoto wa shule, jamani.

Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo moja. Hicho ni kitu cha maabara, jicho halikioni. Ndiyo maana hata zile nzuri za juu sikuzitumia, kwani zimekaa gunia moja na mbovu. Imeniuma, ni mtaji wangu wa wiki mbili.

Msiwape mifugo pia. Mbuzi au ng'ombe wa maziwa akila, sumu inapita hadi kwenye maziwa. Mimi nimechimba shimo nikazifukia.

Ukinunua, mwambie muuzaji amwage gunia lote kwenye jamvi, mchana, pasipo giza la duka. Akikataa, mwachie mzigo wake. Vunja punje kadhaa uangalie ndani. Na zaidi jihadharini na njugu zilizokwisha kumenywa au kusagwa kutoka kwa mtu msiyemjua, kwa sababu hapo hamna tena cha kukagua. Hata nzuri msiziweke sakafuni msimu huu wa masika. Tandikeni mbao chini, pawe na hewa.

Nimebakisha kilo moja kwenye mfuko uliofungwa, kesho asubuhi naipeleka kwa afisa wa afya ya umma. Magunia yake ni meupe, yameshonwa kwa uzi wa buluu. Kama ulinunua kwake, usizipike, njoo nazo twende pamoja.